Wawili katika Daftari la Pavla

Binti yangu Nuša alinipigia simu Alhamisi jioni kuniuliza kama brashi ya kusugulia mawe iko kwangu au kwake. Wiki ya mwisho ya Oktoba ndivyo tulivyo sisi: nchi nzima iko makaburini na ndoo, kila mtu anataka kaburi la kwao ling'ae kuliko la jirani kabla ya Siku ya Watakatifu. Nikamwambia sina habari za brashi. Akasema, "Mama, tangu mazishi hujakanyaga pale. Watu wanauliza." Nikamwambia wakiuliza awajibu yeye, kwani ana mdomo. Nikakata simu, na alfajiri ya kesho yake nikapanda basi kwenda ziwa la Javor.

Peke yangu. Kwa miaka thelathini na minane tulikwenda wawili, mimi na mume wangu Cveto, kila mwaka majani yakishageuka rangi, tena siku moja tu: asubuhi kwenye maporomoko ya Belin, mchana kuzunguka ziwa, jioni basi la kurudi mjini kwetu Celje. Cveto alifariki Februari. Leo naliandika hilo kirahisi, lakini siku ile nilikuwa sijalitamka kwa mdomo wangu hata mara moja. Nuša ndiye aliyewapigia watu simu, Nuša ndiye aliyezungumza na padri. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu, watu wakasema, maskini, ana nguvu sana. Nguvu gani? Nilikuwa naogopa kufungua mdomo.

Anayekwenda Belin hana budi kupita kwa Pavla, mwenye nyumba ya wapanda milima. Pavla ni wa rika langu, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka bonde la pili, na simu yake ya mezani ndiyo pekee inayofanya kazi kule. Hizi za mkononi ukifika bondeni ni kioo cha kujitazamia. Mlangoni kwake kuna daftari juu ya meza. Unaandika jina, idadi yenu, njia mnayopita, saa ya kwenda. Mkirudi mnaandika saa ya kurudi. Saa tisa alasiri Pavla anavaa miwani na kusoma kila mstari, na mstari ambao haujafungwa hauachi. Anamtuma mwanawe Blaž, ambaye ni muokoaji wa milimani, akawatafute. Hayo nayajua kama ninavyojua jina langu.

Mimi nilikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na miwili. Nikiona fomu, mkono unakwenda wenyewe. Niliandika: Albina na Cveto Podlesnik. Idadi: 2. Njia: Belin na kurudi. Saa tatu na dakika arobaini.

Nilipoiona ile 2 nilisimama nayo. Nikasema, futa. Kalamu bado ilikuwa mkononi.

"Albina!" Pavla aliita kutoka dirisha la jikoni, kichwa kimefungwa kitambaa, mikono imejaa unga hadi viwikoni. "Umekuja, bibi wee! Mie nilishasema mwaka huu wale wazee wamekufa!"

"Bado tupo," nikasema.

"Na Cveto yuko wapi?"

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa ameshanirahisishia, neno lenyewe amelitamka yeye. Badala yake nikasema, "Yuko nyuma. Si unayajua magoti yake."

"Magoti! Uvivu tu ule. Mwambie asithubutu kupita bila kunisalimu, lile gongo lake la mapeasi nimemwekea."

"Nitamwambia."

Nikaiweka kalamu mezani, nikaondoka mbio kabla hajatoka nje na kunikumbatia.

Njia ya Belin inapanda kandokando ya mto kwa muda wa saa moja hivi. Majani yalikuwa mengi hadi vifundoni, mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na yale yaliyobaki mitini yalikuwa yakidondoka bila upepo. Nilikuwa na fimbo ya Cveto. Alichonga jina lake juu yake kwa kisu mwaka tuliooana, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayeogopa kuibiwa na nguruwe mwitu. Nilikuwa nikiikemea njia nzima. "Ungekwenda kwa daktari Desemba kama nilivyokwambia," niliiambia. "Sasa nimekuwa kichekesho, natembea nikigombana na kijiti."

Juu kuna daraja la mbao, chini ya daraja kuna beseni la mwamba, na maji yanaanguka humo kutoka urefu wa nyumba ya ghorofa sita. Huwezi kusikia hata kikohozi chako mwenyewe. Mbao zilikuwa zimelowa kwa manyunyu. Nilikuwa katikati ya daraja niliposerereka. Nikashika kamba ya pembeni kwa mikono yote miwili, na fimbo ikaenda. Iliangukia ndani ya beseni. Haikuchukuliwa na mkondo. Ilizunguka tu, ikazama chini ya povu, ikaibuka, ikazunguka tena. Niliitazama nusu saa nzima nikiwa nimekaa kwenye jiwe, mvua inaanza, na nililia kama mtoto kwa kuwa pale hakuna wa kunisikia.

Kisha ikaja shida ya kurudi. Kwa Pavla nitapitaje? Atauliza tena. Atatoa gongo, glasi mbili. Nikaona bora nishukie njia ya chini, ile ya wachunga mbuzi, inayotokea upande wa pili wa ziwa bila kupita kwake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilizunguka ziwa zima.

Mvua ilinyesha kweli kweli kuanzia saa saba. Nilijikinga chini ya paa la banda la mitumbwi, nikala mkate wangu na soseji, nikitazama ziwa lilivyofifia hadi ukashindwa kujua maji yanaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Nilikuwa nimetulia kidogo, nisiseme uongo. Nilimkatia Cveto kipande chake, nikakila mwenyewe. Basi langu lilikuwa la saa kumi na nusu. Kituo kilikuwa mbele, mwendo wa dakika ishirini kufuata ufuo. Saa kumi kasoro robo nilifunga mkoba.

Ndipo nikasikia naitwa.

Sauti ilitoka juu, kutoka kwenye korongo, ikaja juu ya maji. "Albinaaa!" Nikafikiri ni Pavla na wazimu wake. Halafu sauti nyingine, ya mwanamume, nzito, ikaita, "Cvetooo!"

Miezi minane hakuna aliyekuwa amelipaza jina lile. Nyumbani watu wanalisema kwa kunong'ona, kama wanaogopa kuliamsha. Na sasa mtu alikuwa analiita mlimani kwa sauti yake yote, anatulia kusikiliza jibu, anaita tena. Kwa muda, naapa, nilingoja na mimi kusikia kama atajibu.

Kisha akili ikarudi. Daftari. Saa tisa. Mstari ambao haujafungwa, watu wawili, wazee, mvua. Na fimbo inayozunguka ndani ya beseni yenye jina la mume wangu kwa herufi kubwa.

Nilipiga kelele, "Nipo hapa!" Mvua ikaimeza. Nikatoa simu: kioo cha kujitazamia. Mbele yangu, mbali ufuoni, niliona taa za basi limeshafika kituoni linangoja saa yake, madirisha ya manjano, kukavu ndani.

Nitasema ukweli, maana umbea wa nusu hauna maana. Nililifikiria lile basi. Nikajiambia, nitakwenda kituoni, nitaomba simu kwa dereva, nitampigia Pavla. Na wakati najiambia hivyo nilijua kwamba nikishakaa kwenye kiti kikavu sitampigia mtu. Watatafuta, hawatapata, watachoka, watarudi nyumbani. Nani angejua?

Lakini nilimjua yule mwenye sauti nzito. Alikuwa Blaž. Nilimwona akiwa bado ananyonya, kisha akiwa mtoto wa miaka sita aliyemvuta Cveto masharubu. Ni mtoto wa pekee wa Pavla. Na Blaž akiiona fimbo ile, hatakaa juu ya daraja kuitazama. Atashuka.

Niligeuka, nikapanda njia ya mbuzi.

Nina miaka sitini na minane. Ile njia nilikuwa nimeishuka kwa dakika arobaini, nikiwa na goti moja zima na jingine la kuazima. Sasa ilikuwa mto mdogo wa tope. Nilipanda kwa mikono. Majani yale mekundu niliyoyasifu asubuhi yalikuwa yanateleza kama sabuni. Kila nikipanda hatua tatu nashuka moja. Nilimtukana Cveto, nikajitukana mimi, nikamtukana aliyebuni madaftari. Kila baada ya muda nilisikia, "Cvetooo!" na kila niliposikia nilishukuru, kwa sababu anayeita yuko juu, bado hajaingia majini. Halafu ule wito ukakoma.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilisimama nikasikiliza. Hakukuwa na kitu ila maji, na maji yalikuwa yamebadilika sauti, yananguruma kwa chini, tena ndani yake mnagonga vitu. Nilipanda kipande cha mwisho bila kupumua.

Jernej, fundi baiskeli wa kijijini, alikuwa amejifunga kwenye shina la msonobari kando ya daraja, miguu ameikita mwambani, kamba inapita kiunoni mwake na kuning'inia kwenye ukingo. Nikachungulia. Beseni halikuwa lile la asubuhi. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa, yamepanda hadi nusu ya mwamba, na magogo yalikuwa yanatoka juu pamoja na maporomoko, yanaanguka kichwa chini. Blaž alikuwa ndani, maji ya kifua, helmeti nyekundu, anachokoachokoa chini ya mwamba kwa mti mrefu. Alikuwa anamtafuta mume wangu.

"Mama!" Jernej aliniona, macho yakamtoka. "Uko hai! Mungu wangu! Kaa pale, usisogee! Mzee tunamtafuta!"

"Mtoe!" nikapiga kelele sikioni mwake. "Mtoe Blaž!"

"Hatuwezi kumwacha, mama! Fimbo yake iko mle, huenda amenasa chini!"

"Cveto amekufa!"

Ndiyo, hivyo ndivyo lilivyotoka mara ya kwanza. Jernej akakunja uso kwa huruma. "Umemwona? Wapi? Upande gani?"

"Celje! Makaburini! Tangu Februari!"

Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyegongwa kichwani. "Sawa, mama. Sawa. Kaa chini, jifunike koti langu hilo. Umeshtuka tu. Tutampata." Akageuka kutazama kamba yake. Gogo likapita mita moja kutoka kwa Blaž, na Blaž akazamisha mti wake tena.

Hakuniamini. Nilikuwa nimesema uongo asubuhi watu wote wakauamini bila shida, sasa nasema kweli naonekana nimechanganyikiwa. Nilimshika Jernej ukosi wa shati.

"Sikiliza wewe! Tarehe kumi na moja Februari! Saa moja jioni! Alikuwa kwenye kiti cha kijani anamenya chungwa! Nilikuwa nasikiliza redio, nikamwambia maganda usiyatupe chini, hakujibu! Nikadhani amesinzia! Nikalichukua lile chungwa mkononi mwake nikamalizia kulimenya, nikampa kipande, nikamgusa mdomo nacho! Mdomo ulikuwa umeshapoa! Unanisikia? Niliandika wawili kwa mazoea! Pavla akaniuliza nikasema yuko nyuma! Hakuna mtu mle ndani! Mtoe mtoto wa watu!"

Sijui ni nini kilichomfanya aamini. Nadhani ni chungwa. Mdomo ulimbaki wazi, kisha akaweka filimbi mdomoni akapuliza mara tatu, akaanza kuvuta. Nami nikaishika kamba nyuma yake. Blaž akainua kichwa, akafanya ishara ya mkono: bado, ngoja. Alikuwa ameona kitu. Akajinyoosha kukifikia. Jernej akapuliza tena, na papo hapo likaja gogo jingine, halikunyooka, lilianguka kiubavu, likampata begani, nyekundu ya helmeti ikapotea.

Tulivuta. Sina zaidi la kueleza hapo. Tulivuta, viganja vyangu vikachunika, na kwa muda ambao sitausahau kamba ilikuwa nzito bila kutikisika, kama inavuta jiwe. Kisha ikatikisika. Akaibuka anakohoa, akajisukuma kwa miguu mwambani, Jernej akamdaka mkanda, tukaanguka wote watatu kwenye tope.

Mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya, bega limeteguka. Katika ule wa kulia alikuwa ameishikilia fimbo. Alipoona ni mimi, alijikokota akakaa, akanipa.

"Mama Albina," akasema, midomo ya buluu, meno yanagongana. "Nisamehe. Nimepata fimbo tu. Ngoja nipumue kidogo, nitashuka tena."

Nilimtazama Jernej. Jernej akatazama pembeni. "Mwambie mwenyewe," akasema.

Nikamwambia. Mara hii sikupiga kelele, niliinama sikioni mwake. Alisikiliza hadi mwisho, maji yanamtiririka usoni.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Nilimwita nusu saa nzima."

"Nilikusikia."

Akasimama, akatangulia kushuka hadi nyumbani kwa mama yake.

Pavla alikuwa amesimama mlangoni na koti la mvua. Alipomwona mwanawe anatembea kwa miguu yake alijishika ukuta. Alipoona niko peke yangu alikuja na mikono wazi, "Ole wangu, Albina, dada yangu," na Blaž akamwambia kwa maneno machache, akapita ndani.

Mikono ya Pavla ilishuka. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Hakunipiga. Alimkalisha Blaž kando ya jiko, akampa supu ya shayiri, akampigia simu daktari, yote hayo bila kunitazama. Mimi nilisimama pale pale penye meza, nachuruzika maji, na fimbo yangu. Mwishowe akaja.

"Watu huficha maradhi, Albina, kifo kikawaumbua," akasema. Ile sauti ya kuitia ng'ombe haikuwepo. "Wewe umeficha kifo chenyewe! Ningemzika mwanangu wa pekee, kisa huna ulimi."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Mtu nilimwekea gongo lake. Mwaka mzima liko kabatini. Mimi nisingelia nawe? Miaka yote hii mimi kwako ni nani, muuza supu?"

Nililia, naye akaniacha nilie, hakunishika. Kisha akalivuta daftari, akaligeuza upande wangu, akaweka kalamu juu yake.

"Funga mstari wako."

Nilifuta jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tulivyofundishwa posta, ili kinachofutwa kisomeke. Nikafuta 2, nikaandika 1. Saa ya kurudi: saa kumi na mbili. Nikatia sahihi.

Basi lilikuwa limeondoka zamani. Nilimwomba Pavla simu yake ya mezani, akainyooshea kidole. Nuša alipokea kabla haijalia mara ya pili, anapumua kwa hasira. "Mama, uko wapi? Nimekupigia mchana kutwa!"

"Nuša," nikasema. "Baba yako amekufa."

Nyuma yangu kijiko cha Blaž kilisimama bakulini.

"Najua, mama," akasema polepole.

"Brashi iko kwangu. Chini ya sinki. Basi limeniacha, kesho nifuate huku kwa Pavla mapema, tuichukue, twende."